Siku Mama Alipofua Jezi za Makasia

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Majengo akiwa na mfuko wa salfeti begani. Mimi nauza vitambaa na kushona sare za shule, kwa hiyo sikushangaa. Watu huniletea kila aina ya nguo. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama," nikamwitikia, akaufungua mfuko juu ya meza yangu ya kukatia. Kabla sijaona kilichomo, pua ilishaniambia. Jasho lililokaukia kwenye kitambaa, moshi wa dagaa, na chini yake harufu fulani chungu ya mizizi, ile inayong'ang'ania kooni. Zilikuwa jezi za zamani za Makasia, timu ya mpira ya mji niliozaliwa kule chini ziwani. Zilikuwa za njano, sasa zimegeuka rangi ya maharage, na kasia jeusi kifuani.

Kijana alikuwa na furaha zake. Timu inafufuliwa, akasema. Wanataka jezi mpya za mtindo uleule, wanaandika na historia ya klabu, na wameelekezwa kwamba mimi ni binti wa Katibu, mwasisi mwenyewe. "Mama, tuandikie hata ukurasa mmoja tu. Kumbukumbu nzuri za utotoni. Jinsi marehemu mzee wetu alivyoipenda timu."

Jezi nilimwambia nitashona, kwa sababu kazi ni kazi. Kuhusu ukurasa nilimwambia nitaona. Haya, nimeona. Ninyi wa rika langu, mnaoshinda kwenye makundi ya simu mkitumiana picha za timu za zamani na kuandika "enzi hizo raha tupu", ukurasa wenyewe ndio huu. Mimi Makasia naichukia. Siichukii kama shabiki anavyoichukia timu pinzani. Naichukia kama mtu anavyomchukia mtu, na baba yangu kuwa kaburini hakujaipunguza chuki hiyo hata kidogo.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya mlima na maji. Ukitoka Sumbawanga unateremka mpaka masikio yanaziba, halafu unaliona ziwa Tanganyika limekaa mbele yako. Watu walikuwa mchanganyiko, wavuvi na wachuuzi, Waislamu na Wakristo, waliotoka ng'ambo ya ziwa na walioteremka kutoka uwandani juu. Uwanja wa mpira ulikuwa ukingoni kabisa. Upande mmoja dagaa wameanikwa, upande wa pili ziwa, na mtu akipiga shuti la hovyo mchezo unasimama mpaka mpira ufuatwe na mtumbwi. Jina la Makasia lilitoka hapo. Baba na wenzake waliianzisha wakiwa vijana, wakicheza na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za nyavu chakavu. Wakawafunga jirani zao wote wa ufukweni, na kombe la mbuzi wakalichukua mpaka likaonekana kama mali yao ya urithi. Hayo yote ni kweli, yaandikeni.

Baba alikuwa Katibu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mama alipokuwa amekasirika. Alikuwa na koti la kijivu la kiofisi, ingawa ofisi hakuwa nayo. Ofisi ya timu ilikuwa chumba chetu cha mbele: mipira, viatu, bendera za pembeni, na sanduku la bati la jezi. Sisi tulikula ugali wetu jikoni kwenye moshi kwa sababu sebule ilikuwa ya Makasia. Mama ndiye aliyefua jezi. Hakulipwa, na sikumbuki mtu akimwambia hata asante. Mke wa Katibu alihesabiwa kuwa mojawapo ya vifaa vya timu, kama filimbi.

Na mama alitoka juu, Mollo. Mfipa wa shambani, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki wa rozari shingoni. Kule chini, mtu akisema ametokea Sumbawanga watu humtania, na utani wenyewe mnaujua. "Msimkasirishe huyo, atatuletea radi." Watu wanacheka, na mama anacheka nao, maana angefanya nini? Mimi niliona ni sifa. Nilidhani mama yangu anaheshimiwa kwa sababu anajua habari za mvua, na nikawa naringia jambo hilo kwa wenzangu. Wao waliniangalia kwa woga, nami nikauona woga wao kuwa wivu.

Basi mwaka mmoja Makasia wakafika fainali ya kombe kubwa la wilaya. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, na fainali ingechezwa kwetu. Wapinzani wakawa vijana wa Mollo, kwao mama.

Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na nyote mnajua kwamba kazi yake haikuwa kufundisha mtu kupiga chenga. Yetu iliongozwa na Mwenyekiti wa timu, mzee mmoja mwenye mitumbwi mingi na sauti ya kukwaruza, na baba ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Kuelekea fainali ile walizipeleka jezi kwa mganga upande wa pili wa ghuba. Zikalala huko, zikapakwa zilichopakwa na kufukizwa zilichofukizwa, zikarudi alfajiri na kufungiwa sandukuni kwetu. Mwiko wake mmoja ulikuwa kwamba mwanamke asijue. Kwa hiyo baba, aliyelala kitanda kimoja na mwanamke aliyezifua jezi hizo miaka yote, hakumwambia neno.

Asubuhi mama akafungua sanduku, kama alivyofanya kila siku ya mechi. Jezi zilikuwa zimegandana. Shingoni zina masizi, kwapani zina mafuta meusi yanayonata, na harufu ilitutoa chumbani sote wawili. "Hawa wanacheza mpira au wanachoma mkaa?" alisema. Akazinyanyua moja moja kwa ncha za vidole. Niliona uso wake umeshikwa na aibu, akaniambia kwa Kifipa, lugha yetu ya jikoni, kwamba ndugu zake watakuja leo kutoka Mollo na watamwona ameolewa na watu wachafu.

Akazitia zote kwenye beseni, tukashuka ziwani. Mama alikuwa anajua kufua. Sabuni ya mche aliisugua mpaka povu linamfika viwikoni, jezi akazipiga juu ya jiwe, akazisuuza, akazirudia tena. Mafuta meusi yakatoka yakaelea majini kama wingu dogo, yakatawanyika. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Jua la ziwani halina mchezo, kufikia katikati ya asubuhi jezi zilikuwa zimekauka juu ya mawe, njano yake inawaka. Akazikunja kwa mstari, akazirudisha sandukuni, akasimama kidogo kuzitazama. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipomwona anafurahia kitu cha nyumba ile.

Adhuhuri lori la Mollo likateremka na watu wanaimba juu yake. Mama alikwenda kuwapokea, nami nikamfuata. Kwenye lori alikuwemo mjomba wake, mzee aliyekuja kama kiongozi wa msafara, na mama hakumpungia mkono kwa mbali kama wanavyofanya watu wa mjini. Alichuchumaa palepale kwenye vumbi, akampigia makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama binti wa Kifipa anavyomsalimu mkubwa wake. Nikachuchumaa pembeni yake, nami nikapiga. Mashabiki wa Makasia walikuwa wamejaa njia nzima na wote walituona.

Wachezaji walivalia kwetu, chumba cha mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu nilitaka kuwaona wanavyoshangaa. Kipa wetu, jitu la watu lenye moyo mwepesi, aliyezoea kunibeba mabegani, ndiye aliyetangulia. Alipitisha kichwa kwenye jezi, akaganda humo ndani. Tukasikia sauti yake kutoka kwenye kitambaa.

"Mbona inanukia sabuni?"

Kila mmoja akanusa ya kwake. Mwenyekiti akachukua moja akaisogeza puani, kama mtu anayekagua dagaa walioharibika, akaiweka chini polepole. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani kafua. Wote walimgeukia baba, na baba alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nasubiri wamsifu mama.

Mechi sina haja ya kuisimulia. Watu walioingia uwanjani hawakuwa Makasia, walikuwa wanaume kumi na mmoja wanaoamini kwamba wako uchi. Mpira ukija mtu anaukimbia. Kipa alisimama golini akijinusa. Walifungwa mabao ambayo hata mimi ningeyazuia, na vijana wa Mollo, ambao masikini ya Mungu walikuja tu kucheza mpira, wakampandisha dume lao kwenye lori wakaondoka wakiimba. Timu nzima ilifungwa na kipande cha sabuni ya mche, na badala ya kuona aibu wakatafuta mtu wa kumbebesha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa kamati ilikaa kwetu, na mama akatumwa akateke maji ili asiwepo. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nakula mgebuka wa kukaanga. Nilisikia kila kitu na sikuelewa chochote. Kazifua. Kawapokea kwa kupiga makofi. Ametoka kulekule. Sauti ya baba niliisikia mara moja tu, inasema, "Hakujua."

"Katibu," Mwenyekiti akamjibu, "sisi hatuingii kwenye kujua na kutojua. Mke ni wako. Timu ni ya mji mzima. Huwezi kuwa na vyote viwili chini ya paa moja. Chagua."

Nikadhani wanachagua kikosi cha mechi ijayo. Nikaendelea na samaki wangu. Kisha nikasikia baba anasema, "Sawa, Mwenyekiti," na viti vikasogezwa.

Jioni ile alimwambia mama jikoni. Hakukaa. Alisimama mlangoni na koti lake la kijivu. "Ulezi umeiva huko juu," alisema. "Mama yako ameshazeeka. Nenda na mtoto mkamsaidie kuvuna."

Mama alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Tangu nimeolewa hujawahi kukumbuka ulezi wa kwetu."

"Nenda tu, Mama Sabina."

"Utakuja kutuchukua?"

"Nitakuja."

"Niangalie halafu useme."

Akamwangalia, akasema tena, "Nitakuja." Mama akauchukua mwiko akaendelea kusonga. Mimi niliruka kwa furaha, kwa sababu kwenda kwa bibi kulikuwa na maana ya maziwa, na mahindi, na kulala nimebanwa katikati ya watu. Sikuelewa kwa nini mama hakunikemea nilipomwaga unga.

Siku ya kuondoka nilivalishwa gauni la Krismasi. Tulipotoka nje nikaikuta timu nzima imejipanga mistari miwili, kuanzia mlangoni kwetu mpaka lilipoegeshwa lori la dagaa, wote wamevaa jezi zilezile safi, mikono nyuma. Nyuma yao mji mzima umesimama. Hakuna aliyeimba wala aliyesema neno. Nilikuwa nimewahi kuona gwaride shuleni alipokuja mgeni wa serikali, basi moyo wangu ukajaa. Kumbe wanampenda hivi, nilijisemea. Kumbe wanajua nani anawafulia. Nikawa nawapungia mkono kulia na kushoto kama yule mgeni. Nilipomfikia Kipa nikampa mkono, naye akazidi kuuficha wake nyuma ya mgongo. Nikadhani ni amri ya gwaride.

Ukweli niliambiwa na bibi baada ya kuvunja ungo, alipoona nimeshakua. Yalikuwa maagizo ya mganga: apite katikati ya jezi alizoziharibu, aende zake, na asigeuke nyuma. Akigeuka anaondoka na nyota ya timu. Walisimama pale kuhakikisha anatoka, kama watu wanaomfukuza mbwa mwenye kichaa. Ninyi mnaopenda kuandika kwamba zamani watu walikuwa na umoja, umoja wao niliupita katikati nikiwa nimevaa gauni la Krismasi.

Mama aligeuka. Alikuwa ameshatia mguu kwenye tairi ili apande, akasita, akageuza kichwa. Hakuwa anaroga mtu, jamani. Alikuwa anamtafuta mume wake. Macho yake yalipita uso mmoja baada ya mwingine, mstari huu, na mstari ule, mpaka yakamfikia. Baba alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa kulia, ndani ya koti lake, mikono nyuma kama wenzake. Watu wakaguna. Mimi nikapaza sauti, "Baba, uje upesi!" Hakuitikia, nikasema moyoni ni upepo wa ziwa umeipoteza sauti yangu.

Tukafika Mollo. Wenzangu mkikumbuka utoto wa uwandani mnaandika habari za maziwa ya mgando na mahindi ya kuchoma. Mimi nakumbuka baridi. Upepo usio na mlima wa kuukinga, matuta ya duara yale tunayoyaita ntumba yametanda mpaka macho yanapochoka, na mama amesimama katikati yake na jembe mkononi, anatazama barabara. Ulezi tuliuvuna, tukaupura, ukaisha. Mama hakulipangua furushi lake. Nguo ya kubadili aliitoa, akaivaa, akaifua, akairudisha, akafunga tena fundo. Wanawake wakimuuliza, "Mke wa Katibu, Katibu wako yuko wapi?" anawajibu, "Anakuja ligi ikiisha." Nami shuleni nikawa najibu hivyohivyo, ligi ikiisha. Sijui kama nchi hii imewahi kuwa na ligi ndefu kama ile.

Wachuuzi wa dagaa ndio waliokuwa wanatuletea habari. Makasia wamefungwa na kijiji ambacho zamani walikuwa wanakifunga huku wanacheka. Kipa amevunjika mkono. Mtumbwi uliowabeba kwenda mechi umepinduka karibu na nchi kavu. Hakufa mtu, ila viatu vyote vimezama. Mama aliwasikiliza wakimaliza, halafu akauliza swali lilelile kila mara.

"Na Katibu hajambo?"

"Hajambo."

"Ahsanteni."

Mimi nikawa nahesabu kwamba kadiri wanavyozidi kufungwa ndivyo ligi itakavyoisha mapema, na baba atakuja. Nikaomba kwa Bikira Maria wafungwe zaidi. Mama alinisikia nikisali hivyo akanizaba kofi, kisha akanivuta kifuani kwake akalia.

Ulezi mwingine ukapandwa, ukakua, ukavunwa. Siku waliyokuja mama alikuwa anapepeta uani kwa bibi, ungo mikononi, makapi yamemjaa kichwani. Mimi ndiye niliyewaona kwanza, wanaume watatu wanapandisha njia ya mahindi, na mmoja ana koti la kijivu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mama hakuinuka. Aliendelea kupepeta, ila ulezi ulikuwa unamwagika pembeni ya ungo na yeye haoni. "Kanawe uso," aliniambia. Nilipotoka ndani nimenawa, niliona furushi letu limeletwa na kuwekwa mlangoni. Hakuwa amelipangua mwaka mzima, sasa alikuwa amelileta mahali pa kubebwa.

Baba aliwasalimu wakwe kama inavyotakiwa. Alichuchumaa mbele ya bibi akapiga makofi, na bibi akamwitikia kwa sauti ndogo. Mimi nikamrukia shingoni. Akanishika kidogo, akaniweka pembeni. Waliokuja naye walikuwa Mwenyekiti na Kipa, ambaye mkono wake ulikuwa umepona vibaya, umepinda. Wakapewa vigoda. Bibi akaingia ndani, maana si heshima mkwe kusikiliza.

Aliyeanza kusema ni Mwenyekiti. Sauti yake ya kukwaruza ilikuwa imelainika kama ya mtu anayeomba kura. "Mama Sabina, tumekuja kwa unyenyekevu. Yaliyopita tuyaache. Timu imeteseka vya kutosha. Vijana wameumia, unamwona huyu. Tunakuomba ututamkie neno, utuondolee kile ulichotuwekea."

Mama aliweka ungo mapajani. "Nilichowawekea?"

"Ulipogeuka pale kwenye lori."

Mama alimgeukia baba, na hapo nilimwona anavyomwangalia, sitasahau. "Wewe umekuja kunichukua?"

Baba akakohoa. "Kwanza tumalize hili la timu. Ya nyumbani yatafuata."

"Nikiwaambia sikufanya kitu chochote? Nikiapa kwa rozari hii?"

"Mama, tusirudishane nyuma," Mwenyekiti akadakia.

"Sijakuuliza wewe." Macho yake hayakutoka kwa baba. "Nakuuliza wewe uliyenioa kanisani. Unaamini mimi nilifanya hayo?"

Nilimwangalia baba na nilijua atasema nini. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilishaanza kutabasamu.

"Uligeuka, Mama Sabina," baba akasema. "Wote tulikuona."

Kuku walikuwa wanadonoa ulezi uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Mama akasimama, akakung'uta makapi kwenye kitenge, akaushika ungo wake vizuri, na niliona Kipa anasogeza kigoda nyuma.

"Haya," alisema. "Ni mimi. Nilipogeuka niliwachukua wote, mmoja mmoja, kushoto na kulia. Nilikuwekea na mkono huo, Kipa. Na siwaachii. Rudini mkawaambie, hamtafunga bao hata mkicheza na watoto wa kipaimara. Nimesema."

Alisema kwa utulivu kama mtu anayeagiza chumvi. Nami nilishangaa, maana nilikuwa naye siku zote na sikuwahi kumwona akifanya lolote ila kulima na kulia. Alijua anachofanya. Alikuwa anajifungia mlango wa kurudi kwake, na anajitwika jina ambalo angekufa nalo hata palepale Mollo, kwenye nchi ya mama yake, ambako wengine waliacha kumwazima moto. Alijitwika ili wao wapate kuogopa mpaka mwisho. Na waliogopa. Makasia haikumaliza msimu ule, wachezaji walianza kutoroka mmoja mmoja, na uwanja ukaanikwa dagaa mpaka golini. Hiyo ndiyo sababu ya klabu kufa. Si uhaba wa vifaa, wala vijana kukimbilia mjini, kama wanavyotaka kuandika.

Lakini siku ile mama hakusahau adabu yake. Wageni walikuwa wametoka mbali na jua lilikuwa kali. "Sabina," akaniambia, "wape maji." Nikachota mtungini kwa kikombe cha bati, nikapiga goti nikampa Mwenyekiti. Akakitazama, akatikisa kichwa. Nikampelekea Kipa. Akaficha mikono yake, kama siku ile ya gwaride. Nikampelekea baba. Yeye alikipokea. Alikishika kwa mikono miwili, akayaangalia maji, akamwangalia mama, ambaye alikuwa amempikia na kumtengea kila siku ya ndoa yao. Mama alikuwa amesimama, na kwa mara ya mwisho niliona kuna kitu anamwomba. Baba akainama, akakiweka kikombe chini kwenye vumbi, maji yakiwa yamejaa.

Mimi nilikuwa na kiu. Nilikuwa nimekimbia, nimepiga kelele, nimekaa juani. Na maji yalikuwa mazuri, ya kisimani kwa bibi, ya baridi. Nikakiokota kikombe nikaanza kunywa. Baba alikuwa ameshasimama ili waondoke. Alikuwa karibu yangu kiasi kwamba koti lake liligusa bega langu. Alisimama pale, yeye aliyeamini kwamba maji yale yana kitu, akanitazama mimi mwanawe wa kumzaa nikiyanywa mpaka tone la mwisho, na hakunyoosha mkono.